"Imetoka Sevisi Juzi Tu"

Kila mwaka masika yakiisha na boti zikaanza tena kuvuka kwenda kisiwa cha Mnemba, Unguja, kuna sentensi hurudi pamoja na wageni: "Haina shida hiyo, imetoka sevisi juzi tu." Regulata, kile kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye mtungi wa mpiga mbizi, inalia ssss, mgeni ameshavaa suti ya kuzamia na anatoa macho, mwongoza mbizi anaipiga kwa kiganja mara mbili, mlio unakatika, nanga inapandishwa. Juzi tu! Utadhani tarehe ya kwenye kibandiko ndiyo inayoziba tundu.

Mimi msimamo wangu ni kinyume kabisa. Katika regulata zote zilizotundikwa pale ukutani, iliyotoka sevisi juzi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ile kuukuu iliyoshuka na kupanda msimu mzima bila kelele imeshatoa ushahidi wake. Hii mpya-mpya imefumuliwa yote, oringi zake (pete za mpira za kuzibia) zimetupwa, siti (vizibo vya valvu) zimebadilishwa, na aliyeifunga tena ni binadamu, pengine saa nne usiku akiwa na nyingine ishirini mezani. Hujui lolote kuihusu mpaka sindano ya geji iseme.

Nazungumzia geji ya presha ya kati, ile ndogo inayochomekwa kwenye paipu ya inflata, ile inayojaza hewa jaketi la mpiga mbizi. Bei yake haifiki anayolipa mgeni mmoja kwa mbizi mbili, lakini ukiiulizia kwenye vituo vingi utaoneshwa geji ya mtungi. Sio hiyo! Geji ya mtungi inakwambia una hewa kiasi gani. Haikwambii hatua ya kwanza, ile sehemu inayokaa kwenye mtungi na kuishusha presha yake kuwa presha ya kati, inafanya nini na hewa hiyo.

Kipimo chenyewe ni hivi. Funga regulata kwenye mtungi uliojaa, bar 200, usitumie kile kipande cha bar 60 kilichobaki jana, kwa sababu siti yenye kasoro huonekana vizuri zaidi presha ikiwa kubwa. Hatua ya pili, yaani ile ya mdomoni, angalau moja iwe imeunganishwa, maana ndiyo valvu ya usalama ya mfumo mzima: presha ya kati ikizidi, hewa inaisukuma siti yake na kutokea hapo. Bila hiyo, kitakachosalimu amri ni paipu au geji yako. Chomeka geji, fungua mtungi polepole. Regulata nyingi za siku hizi hutulia kati ya bar 9 na 10, ila namba ya kufuata ni ya kitabu cha mtengenezaji.

Sasa bonyeza kitufe cha hatua ya pili, uachie. Sindano itashuka kidogo na kurudi, na habari yote iko katika namna inavyorudi. Regulata nzima, sindano inapanda na kusimama pale pale, tuli. Mgonjwa, inafika, halafu inaendelea kunyata: 9.5, 9.7, 10, dakika mbili baadaye 10.4 na bado inakwenda. Huko ndiko kutambaa kwa presha. Siti ya hatua ya kwanza haifungi, hewa ya mtungi inapenya taratibu kuingia upande wa presha ya kati, na haitaacha mpaka ipate pa kutokea.

Hapa watetezi wa "itakaa yenyewe" wana hoja, nitawapa nusu. Siti mpya inahitaji muda ukingo wa chuma ujichoree pete yake. Siku ya kwanza, kupanda kwa bar 0.2 au 0.3 kisha kusimama kunavumilika. Bonyeza kitufe mara thelathini, arobaini, iache na presha robo saa, tazama. Rudia kesho yake asubuhi. Lakini ikiwa kesho yake sindano bado inatambaa, basi haikai na wala haitakaa. Fungua.

Ukifungua utakuta nini? Mara nyingi kitu kidogo cha kuudhi: unyuzi wa kitambaa kilichotumika kufutia, punje ya chumvi ambayo haikutoka kwenye kuoshwa, au siti mpya safi iliyowekwa juu ya ukingo wenye mkwaruzo wa zamani. Hili la mwisho ndilo linalokula pesa za watu. Siti inabadilishwa mara tatu, kila mara inachongwa na ukingo ule ule, na kila mara lawama zinakwenda kwa vipuri. Chukua lenzi uukague ukingo chini ya taa kabla hujafungua paketi ya siti. Kwenye regulata za dayaframu (utando wa mpira) zilizosawazishwa kuna mkosaji mwingine asiyetajwa: ile oringi ndogo inayoshika shina la valvu. Ikikatwa wakati wa kufunga, hewa ya presha kubwa inapita pembeni yake na sindano inatambaa vile vile, siti ikiwa haina kosa lolote.

Halafu kuna dawa ya kienyeji, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Hatua ya pili inavuja, mtu anachukua bisibisi, anaikaza orifisi, lile tundu ambalo siti hulala juu yake, robo mzunguko, mlio unakoma, kila mtu anafurahi. Alichofanya ni kumziba shahidi mdomo. Presha ya kati bado inapanda, ila sasa inahitaji kupanda zaidi kabla ya kuonekana. Wakati huohuo pumzi imekuwa nzito, na mgeni aliyezoea mita 10 anaanza kuvuta kwa nguvu kwenye mita 25 akidhani ni woga wake. Baada ya siku mbili oktopasi ("pweza", hatua ya pili ya akiba) nayo inaanza kulia, nayo inakazwa. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, ndiyo, lakini aliyesema hivyo hakuwa amebeba mtungi mgongoni.

Kutofautisha hakuhitaji shahada. Mlio ukianza palepale mtungi unapofunguliwa, usibadilike, huku sindano imesimama sawasawa, tatizo liko kwenye hatua ya pili. Mlio ukikosekana mwanzoni, ukaja baada ya nusu dakika ya kutulia, ukakoma ukivuta pumzi na kurudi tena, huo ni mtambao, hatua ya kwanza. Na usidanganyike kwa kuwa ni moja tu inayovuja. Iliyorekebishwa laini zaidi ndiyo hufunguka kwanza, kwa hiyo ya mdomoni inaweza kulia peke yake wiki nzima huku oktopasi iliyokazwa ikinyamaza. Geji kwanza, bisibisi baadaye.

Sevisi ya masika ina uchawi wake pia. Aprili na Mei kazi ni chache, regulata zinafanyiwa sevisi, zinapimwa siku hiyo hiyo, zinatundikwa. Wiki zote hizo springi inaikandamiza siti mpya ya hatua ya pili dhidi ya orifisi, mpira unabonyea, na Juni regulata iliyokuwa kimya inatoa uzi mwembamba wa hewa. Hapo fundi hajakosea, ni mpira tu umefanya kazi ya mpira. Rekebisho lake ni dogo: orifisi inasogezwa ndani kidogo sana, theluthi ya robo mzunguko hivi, unasikiliza, unaongeza kama bado. Na kila unapoizungusha, kitufe kiwe kimebonyezwa ili siti iwe imeinuka. Ukizungusha huku siti imekaliwa, ukingo unaichana, na umejitengenezea uvujaji wa kweli. Zile zenye kirungu cha kurekebishia pembeni, kifungue chote kabla ya kutundika.

Ukimaliza, pima kwenye beseni. Mtungi umefunguliwa, shika hatua ya pili mdomo ukiangalia juu, dayaframu chini, izamishe polepole bila kuruhusu mdomo uingie maji. Hewa inapaswa kuanza kutoka maji yakiwa yameipita dayaframu kwa sentimita 3 hivi. Ikianza mara tu inapogusa maji, ni laini mno na itafoka ukiruka botini. Ikifika sentimita 6 na bado kimya, umeikaza kupita kiasi, au leva iko chini na kitufe kinacheza bure kabla ya kuigusa. Hiki ni kipimo halisi cha nguvu ya kuvuta pumzi, na gharama yake ni ndoo.

Pumzi yenye maji, kwa haraka: funga mtungi, toa hewa yote, weka mdomoni, vuta. Pasipatikane chochote. Ukipata hewa, tazama valvu ya kutolea hewa kama imejikunja ukingo au imeshika mchanga, kisha dayaframu kama imekaa sawa kwenye mfereji wake, kisha kitundu chini ya kamba ya plastiki inayobana mpira wa mdomoni. Mapovu kwenye matundu ya hatua ya kwanza ya pistoni ni oringi za pistoni. Mapovu pale regulata ya yoki (bano linalokazwa juu ya valvu ya mtungi) inapokutana na mtungi kwa kawaida ni oringi ya mtungi, haihusiani na sevisi, acha kumtukana fundi. Na yale mahubiri ya kuganda kwa regulata mnayosoma kutoka Ulaya, waachieni wenye maziwa ya baridi. Maji yetu hata kusi likivuma hayakaribii huko. Adui zetu ni chumvi, mchanga, na kontena la bati saa nane mchana.

Nije kwenye paipu, maana sevisi ndiyo wakati zinapovurugwa. Zinafunguliwa zote, zinarudishwa popote palipo wazi, na regulata inarudi na paipu ya oktopasi kwenye hatua ya pili kuu. Tundu za presha kubwa na ndogo zina nyuzi za skrubu tofauti, 7/16 na 3/8 ya inchi, kwa hiyo hutachanganya hizo mbili, isipokuwa umerithi regulata ya zamani sana yenye 3/8 kote. Hiyo iwe pambo la ukutani. Kaza kwa spana fupi, kukaza kwa wastani tu. Kinachoziba ni oringi. Nguvu za mikono haziongezi kitu zaidi ya kuharibu nyuzi za shaba iliyopakwa kromu.

Mpangilio wenyewe: ile ya kawaida ya sentimita 75 kupita juu ya bega la kulia inafanya kazi, sikatai. Inafanya mpini kama wa jagi kando ya kichwa, inavuta taya, na oktopasi yake inaburuzwa juu ya matumbawe ya kisiwa cha Misali, Pemba, kama chambo. Pweza halisi wana heshima zaidi. Kwa anayeongoza wageni, ninachokiona bora ni sentimita 100 kupita chini ya kwapa la kulia na kiwiko cha kuzunguka kwenye hatua ya pili, na ya akiba kwenye paipu ya sentimita 56 hadi 60, imening'inia chini ya kidevu kwa mpira mwembamba. Mgeni akiishiwa unampa unayovuta mwenyewe, unayojua inafanya kazi, na yako iko sentimita chache kutoka mdomoni. Kiwiko kinaongeza oringi za kuangaliwa, ndiyo. Ziangalie.

Watu wa paipu ya mita 2.1 watasema kwa nini nusu-nusu. Wana haki kwenye jambo moja: kama mnatoka mahali pembamba kwa mstari, hakuna mbadala. Kwenye ukuta wa miamba usio na dari, nusu ya paipu hiyo ni ya kukunja na kukunjua tu. Na ukichagua lolote kati ya haya, mweleze mgeni botini, kwa sababu aliyefundishwa kuwa ya akiba ni ya njano atatafuta njano.

Paipu ya geji ya mtungi, sentimita 60, imebanwa kwenye pete ya nyonga ya kushoto. Ya inflata, inua inflata juu ya kichwa kama unatoa hewa: ikivutika, ni fupi.

Zile paipu laini za nyuzi zilizosukwa ni nzuri shingoni na taya litakushukuru. Ila katika baadhi yake utando wa ndani wa polyurethane umeonekana kuoza kwa joto na unyevu na kuota vitu kama fuwele vinavyoweza kuziba njia ya hewa, na nje husikii wala huoni chochote. Kwa regulata zinazolala kwenye kontena la bati, hilo si jambo la kusoma na kupita. Kila sevisi fungua paipu zote mbili za kupumulia, zipulize, zimulike kwa tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Za mpira wa kawaida, sogeza ile ngao ya plastiki pale paipu inapoingia kwenye chuma. Ngao hukaa na maji ya chumvi chini yake, na ufa wa kwanza huanzia hapo.