RAM ni ileile, namba ndiyo iliyobadilika

Kwa mwaka mzima nilimweka muuza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mmoja wa Kariakoo kwenye orodha yangu ya matapeli, kwa sababu ya namba moja tu: 1333.

Nilikuwa nimenunua kwake vijiti viwili vya GB 4, vya DDR3, yaani kizazi cha tatu cha RAM ya DDR. Lebo ilisema PC3-12800, ambayo kwa lugha ya kawaida ni kasi ya 1600. Nikavichomeka kwenye OptiPlex 7010 yangu, mashine iliyokula miaka ya ofisini Ulaya kabla ya kuja kuanza maisha mapya Dar. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya mashine, nijipongeze, nikakuta MHz 1333. Kesho yake nikarudi dukani nimefura. "Kaka, umenipa 1333." Hakubishana. Akavipachika kwenye kompyuta yake ya kujaribia, ikaandika 1600. "Umeona mwenyewe, bosi." Niliona, ila sikuamini. Nilijiambia watu hawa hawakosi ujanja, nikaondoka bila hata kuaga vizuri.

Baadaye nikapata prosesa, ubongo wa kompyuta, ya mkono wa pili, i7-3770, nikaitoa i3-2120 iliyokuja na mashine. Nikafuta gundi ya kijivu iliyokauka, nikapaka mpya, nikafunga feni, nikawasha. Task Manager: MHz 1600. Vijiti sikuvigusa. Hata vumbi lake lilikuwa pale pale.

Jibu nililipata usiku ule, na kusema kweli liliniaibisha, maana lilikuwa wazi kwenye karatasi za Intel, watengenezaji wa prosesa zote mbili, tangu mwanzo. Prosesa ya i3-2120 ni ya mwaka 2011, na mwisho wake rasmi kwa kumbukumbu ni DDR3-1333. Ile i7-3770 ilitoka 2012, na yenyewe inakwenda hadi 1600. Soketi ni moja, LGA 1155, kwa hiyo ukitazama kwa macho huoni tofauti. Kwenye kila kijiti cha RAM kuna kichipu kidogo kiitwacho SPD, kilichoandikwa kasi ambazo kijiti kinaziweza. Unapowasha mashine, BIOS, programu ndogo ya kuiamsha, inakisoma, inaiuliza na prosesa uwezo wake, kisha inachagua kasi ambayo wote wataimudu. Ukichanganya kijiti cha 1600 na cha 1333, vyote vinatembea kwa 1333. Ni msafara, wa mbele anamsubiri wa nyuma. Kwangu mimi wa nyuma alikuwa prosesa, na nilikuwa nikimtukana wa mbele.

Kwa nini prosesa iwe na sauti kwenye mambo ya RAM? Zamani haikuwa hivyo. Kidhibiti cha kumbukumbu kilikaa kwenye chipu nyingine ya madabodi. AMD, washindani wa Intel, walikihamishia ndani ya prosesa yao ya Athlon 64 mwaka 2003, Intel wakafuata 2008 na Core i7 za kwanza. Tangu hapo ukibadilisha prosesa umebadilisha na msimamizi wa RAM.

Na usidhani mabadiliko siku zote ni ya kupanda. Kwenye Athlon 64 za enzi za DDR2, mapigo ya RAM yalipatikana kwa kugawa mapigo ya prosesa kwa namba nzima. Mwenye prosesa ya GHz 2.4 aligawa kwa 6, akapata MHz 400 kamili, yaani DDR2-800 kama lebo ilivyosema (kwa nini 400 inaitwa 800, nitafika huko). Mwenzake aliyeongeza hela akanunua ya GHz 2.6 hakuweza kugawa kwa 6 na nusu, ikabidi iwe 7, akaangukia MHz 371, karibu DDR2-743. Prosesa ghali zaidi, RAM ya taratibu zaidi! Nawaza ni wauza RAM wangapi walitukanwa miaka ile.

Siku hizi mtego umehamia kwingine. Kijana wa jirani alibadilisha prosesa kwenye mashine yake ya gemu ya DDR4, RAM yake ya 3200 ikaanza kuonyesha 2133, akaja kwangu amekata tamaa. Kumbe ile 3200 ya kwenye boksi ni kasi ya XMP, mpangilio wa ziada ambao lazima mtu auwashe mwenyewe kwenye BIOS. Alipobadilisha prosesa, BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani na XMP ikazimika. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Soda nilikunywa.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Baada ya ile 1600 kuonekana nilifungua CPU-Z, programu ya kukagua vifaa vya kompyuta, nihakikishe, ikaniambia MHz 798. Nusu! Nikadhani sasa nimeibiwa na Kariakoo na muuza prosesa kwa pamoja.

Hakuna aliyeniibia, ni vipimo viwili tofauti vilivyovishwa jina moja. Chukua mchi na kinu. Kwenye RAM ya zamani, data ilipita mara moja kwa kila twanga, mchi unaposhuka. Kwenye DDR inapita mchi ukishuka, na inapita tena mchi ukipanda. Ukihesabu twanga ni milioni 800 kwa sekunde, ukihesabu data ilivyopita ni milioni 1600. CPU-Z inahesabu twanga, na hizo kweli ni megahezi (MHz), mapigo milioni kwa sekunde. Lebo na Task Manager zinahesabu mapito, kisha zinayaita megahezi, na hapo ndipo kosa lilipo. Kipimo chake halali ni MT/s, yaani mapito milioni kwa sekunde, na matoleo ya karibuni ya Windows 11 yameanza kukiandika hivyo. Imechukua zaidi ya miaka 20. Mfanyabiashara wa nyanya akikuandikia debe wakati amepima nusu debe, ataitwa majina. Wenye kompyuta tumewaachia tu, kwa sababu namba kubwa inapendeza machoni.

Na uzuri wake wenyewe ni nusu hadithi. Vijiti vingi vya 1333 ni CL9, vya 1600 vingi ni CL11. Hiyo CL ni idadi ya twanga ambazo prosesa inasubiri kabla ya kupata inachokitaka. Twanga 9 za nanosekunde 1.5 ni nanosekunde 13.5. Twanga 11 za 1.25 ni 13.75. Yaani kusubiri hakukupungua hata chembe. Kilichoongezeka ni wingi wa mzigo unaopita: kila njia ya data kati ya RAM na prosesa inabeba GB 12.8 kwa sekunde badala ya 10.6 na ushee. Mashine yangu ilichangamka, sikatai, ila sifa nampa i7 na kore zake nne (sehemu za kuchakata kazi), maana i3 ilikuwa na mbili.

Ukiniuliza, mwenye kijiti kimoja cha GB 8 cha 1600 ndiye wa kuhurumiwa. Kijiti kimoja kinatumia njia moja, GB 12.8 kwa sekunde basi. Mimi na vijiti vyangu viwili vya "kutapeliwa", vikitembea 1333 kwenye njia mbili, nilikuwa na GB 21.3. Lakini Task Manager ingeonyesha yake 1600 na yangu 1333, na yeye ndiye angetembea kifua mbele.

Wiki iliyofuata nilipita Kariakoo kumwomba radhi yule kaka. Nikamweleza yote, SPD, kidhibiti cha kumbukumbu, hadi mchi. Alinisikiliza huku anafungasha mzigo wa mteja mwingine. Hakunikumbuka hata kidogo.

"Sasa hiyo i3 uliyotoa," akasema, "unaiuza shilingi ngapi?"