Ghafla za Treasure Island zina kazi yake

Wanaofundisha watu kuandika hadithi wana neno moja wanalichukia kweli, ghafla. Toa hiyo, watakwambia, tukio likiandikwa vizuri msomaji atashtuka mwenyewe. Mi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, maana hadithi nyingi za mtandaoni kila aya ni ghafla bin vuu, mpaka inafika mahali hata bomu likilipuka hushtuki. Ila sasa Treasure Island ya Stevenson, ile riwaya ya Kiingereza ya dogo Jim na maharamia wanaosaka hazina kisiwani, tunaiweka wapi? Kitabu cha 1883, watu wanakisoma mpaka leo, na ghafla zimo kibao (pamoja na mara moja na ndugu zake wote, nawahesabu ukoo mmoja).

Ukizifuatilia utaona nyingi zinaingilia sikioni. Mapema tu, kapteni mmoja mlevi yuko kwenye maongezi ya siri na haramia Black Dog, dogo Jim yuko chumba kingine anatega sikio na hapati kitu, ni minong'ono tu, halafu ghafla matusi, meza na viti vinapinduka, vyuma vinagongana, mtu analia kwa maumivu. Baadaye anaingia usiku kwenye ngome akidhani wenzake ndo wamelala humo, giza totoro, mara kasuku wa Silver, mkuu wa maharamia, anaanza kupiga kelele na hapo ndo anajua kaingia kwa maharamia. Na kule karibu na mwisho, wanaitafuta hazina, kwenye miti mbele yao inatokea sauti nyembamba inaimba wimbo wa Flint, Flint haramia aliyeificha hiyo hazina, ambaye kafa zamani, majitu mazima yanapauka kwa woga! Silver peke yake ndo anajiuliza, mzimu gani huo wenye mwangwi.

Kila mahali kuna kitu kimemziba Jim, ukuta, giza, miti, kwa hiyo ghafla pale sio chumvi ya mwandishi, ndo hali halisi ya mtoto ambaye habari zinamfikia kabla hajaona. Na kumbuka anayesimulia ni Jim huyohuyo baada ya safari kuisha, anajua kila kitu, angeweza kutudokeza mapema lakini anakubali kurudi kuwa mjinga mbele yetu. Hiyo mi naiheshimu sana.

Halafu angalia pasipo na haraka. Kwenye pipa la matofaa melini Jim kajikunja ndani karibu apitiwe na usingizi, anamsikia Silver akieleza mipango ya uasi, na ubaya wote unaingia polepole, sentensi kwa sentensi, afu ndo sehemu inayotisha kuliko zote kwenye kitabu. Hata lile shimo la hazina, wanaosimama ghafla ni maharamia waliokuwa wanakimbia, shimo lenyewe halina habari, kingo zimeporomoka na majani yameshaota chini, yaani mzigo ulishaondoka kitambo.

Zote nzuri? Hapana. Kule kwenye baa ya Silver, Black Dog anainuka ghafla anakimbilia mlangoni, na punde tu Jim anatuambia haraka yake ndo ilimfanya amtazame. Sasa si umeshasema? Hiyo moja ningekuwa mhariri ningeikata bila hata kumpigia Stevenson simu.