Nyati Hayumo Kwenye Hii Habari

Kwa wote mliosoma ujumbe wa shemeji yangu kwenye grupu la familia, kwamba "shem kapigwa na nyati huko Rungwa, anashonwa", asanteni kwa dua, ila nyati hayumo. Mama mkwe ameshapiga simu kunipa pole. Nimeshindwa kumweleza, nikaitikia tu, "Nimeshapoa, mama."

Ugomvi ulikuwa ule ule wa siku zote: darubini ya bunduki au vilengeo vya chuma. Shemeji ni mfuata nyayo za wanyama na kwake chuma ndiyo dini. Kilengeo cha nyuma chenye V pana, shanga nyeupe mbele, basi. Nyati akichomoka kichakani hatua ishirini, unaleta bunduki begani, unaona shanga, unafyatua. Ukiwa na darubini uliyoisahau kwenye ukuzaji wa mara 6, utakachoona ni manyoya meusi matupu, hujui kama ni bega au tumbo. Hapo sina ubishi.

Lakini chuma kinalidai jicho liangalie vitu vitatu kwa mpigo: kilengeo cha nyuma, shanga na mnyama. Jicho linaona sawasawa kimoja tu. Unachagua shanga, mnyama anabaki na ukungu. Ukivuka miaka arobaini, shanga nayo inaanza kuota manyoya. Na kwa mita 150, shanga nene inaziba bega zima la swala, unapiga kwa kukisia. (Wazee wangu mnaosema macho yenu bado ya ujana, njooni mnisomee maandishi madogo kwenye boksi la risasi kwanza.)

Tukawekeana dau, kreti ya soda. Ubao mita 100, kila mtu risasi moja, mpishi na askari wa wanyamapori wakiwa mashahidi. Bunduki ni .375 H&H, kaliba ya tangu 1912, risasi ya greni 300, karibu gramu 19. Ikifyatuka inarudi nyuma kwa teke, si bunduki ya kuibusu.

Darubini niliifunga mwenyewe. Nilipima umbali wa jicho nikiwa nimesimama, bunduki ikiwa juu ya vijiti vitatu vya kuegemezea, ukuzaji ukiwa mara 1.5. Ikanikaa vizuri ajabu, sentimita tisa hivi kutoka kwenye lenzi hadi jichoni. Mnaojua mmeshaanza kucheka, nawasikia.

Sasa nikakaa kwenye benchi. Benchi linakuinamisha, shingo inarefuka, shavu linatambaa mbele juu ya kitako cha bunduki. Nikazungusha hadi mara 6 ili niwaonyeshe watu kazi. Darubini nyingi za kukuza, kadiri unavyokuza ndivyo zinavyotaka jicho lisogee karibu. Picha ikazingirwa na duara jeusi. Mtu mwenye akili angesimama, akalegeza ringi zinazoishika darubini, akairekebisha. Mimi nikasogeza kichwa. Duara likapungua. Nikasogeza tena kidogo. Likaisha! Picha safi, msalaba wa kulengea umetulia katikati ya ubao, namwona hadi nzi aliyetua pembeni. Kitako nacho kilikuwa hakijashika bega, kimeegemea tu. Nikavuta pumzi, nikatoa nusu. Nikasikia mpishi akinong'ona, "Huyu yuko karibu mno." Nikajisemea, mpishi anajua nini kuhusu bunduki. Kidole kikakaza.

Sikusikia mlio. Nilichoona ni ukingo wa darubini ukikua, ukikua, ukawa dunia nzima. Halafu nikawa natazama mawingu, na kitu cha moto kinashuka puani.

Ngozi ya nyusi imelala juu ya mfupa mtupu, ikigongwa inapasuka na damu yake haina adabu. Nina alama kama mwezi mchanga. Zahanati, nyuzi, panadol, tukarudi kambini.

Kwa hiyo mnaofunga darubini wikendi hii: kuza hadi mwisho, kaa ule mkao unaokusogeza mbele kuliko yote, yaani kulala kifudifudi au kupiga kuelekea mlimani. Fumba macho, weka shavu kitakoni, fumbua. Sogeza darubini mbele mpaka duara jeusi lianze kujitokeza, kisha irudishe kidogo tu, picha ijae. Kaza skrubu za ringi kidogo kidogo kwa kupokezana, si moja mpaka mwisho. Kwa kaliba ya nyati, chukua ringi za wenzo zinazofunguka kwa mkono, ili kichakani uiweke darubini begini ubaki na chuma. Ila hakikisha chuma chenyewe umekipimia risasi hiyo hiyo, maana wengi hawajawahi kukijaribu.

Kuhusu dau: shemeji alipiga kwa chuma chake, akatoboa chini, kiganja kizima kutoka katikati, akasingizia jua. Yangu iko katikati kabisa, kwa sababu risasi ilishatoka mtutuni kabla darubini haijanifikia usoni. Askari ameshuhudia. Shemeji anasema sheria ni moja, anayetoka damu kwanza ndiye analipa soda. Sheria hiyo kaitunga tukiwa njiani kwenda zahanati.