Maangamizi ya Wayahudi: chuki ya kale au dola na vita?

Watu wapatao milioni sita waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, yaliyofanywa na Ujerumani ya Hitler wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wanahistoria wamebishana kwa muda mrefu kuhusu chanzo chake. Wapo wanaoamini kwamba Hitler alikusudia mauaji hayo tangu mapema, naye akategemea chuki iliyolelewa barani humo kwa karne nyingi. Wengine, Hans Mommsen akiwa miongoni mwao, wanasema yalifikiwa hatua kwa hatua, vita na ushindani wa maofisa vikiisukuma serikali kutoka kubagua hadi kufukuza, na hatimaye kuua.

Hoja ya kwanza ina uzito. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, Hispania ikafanya hivyo mwaka 1492, na kati ya miaka hiyo, tauni ilipoenea, Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto mwaka 1349 kutokana na uzushi kwamba walitia sumu visimani. Kwa karne nyingi walibebeshwa pia lawama ya kifo cha Yesu, jambo ambalo Kanisa Katoliki lilikuja kulikana rasmi mwaka 1965. Katika karne ya 19 chuki hiyo ilivaa sura ya kisayansi: Myahudi ambaye zamani mara nyingi aliweza kuokoka kwa kubatizwa, sasa aliambiwa kwamba kosa lake limo katika damu. Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi ilianzia hapo, kwa sababu mtu hawezi kuibadili damu yake.

Hata hivyo, chuki ya kale haielezi kwa nini Ujerumani, wala kwa nini wakati ule. Aliyesikia habari za mauaji ya Wayahudi wa Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, mwaka 1903 angedhani hatari iko katika dola ya Urusi. Mwaka huohuo Uingereza ilipendekeza hata Wayahudi wapewe makazi Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Nchini Ujerumani, Wayahudi hawakufikia asilimia 1 ya wananchi, na wengi walikuwa madaktari, mawakili na wafanyabiashara walioipenda nchi yao. Chama cha Nazi, yaani chama cha Hitler, kilipata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, lakini baada ya uchumi kuporomoka kikapata asilimia 37.3 Julai 1932. Wengi wa wapiga kura hao walitafuta ajira na utulivu, ingawa siwaondolei lawama, kwa kuwa chama hicho hakikuificha chuki yake.

Ni kweli kwamba Januari 1939 Hitler alitishia hadharani kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya, lakini mwaka 1940 maofisa wake walikuwa bado wanapanga kuwahamishia Madagaska. Mauaji ya jumla yalianza baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvamiwa Juni 1941. Kwa hiyo naegemea upande wa pili, kwa sharti kwamba tusisahau ni chuki iliyowateua waathiriwa.

Nchi zilizokaliwa na Wajerumani zinanipa sababu nyingine: idadi ya waliouawa ilitegemea sana utawala na mazingira ya kila nchi, si chuki peke yake. Uholanzi, ambako watumishi wa umma waliwaorodhesha Wayahudi kwa ukamilifu, ilipoteza zaidi ya 100,000 kati ya takriban 140,000. Denmark, iliyobaki na serikali yake hadi Agosti 1943 na iliyokuwa jirani na Uswidi isiyopigana, iliwavusha kwa mashua zaidi ya 7,000, karibu wote waliokuwamo.