Ukitaja kamera ya Hungaria, mtaje na Márta Mészáros

Watu wa sinema wakianza kuongelea Hungaria na kamera majina ni yale yale, Vilmos Zsigmond na László Kovács, wapiga picha wa sinema, vijana waliorekodi mapinduzi ya Budapest 1956 dhidi ya utawala wa Kisovieti wakatoroka na mikanda yao mpaka Austria kisha Marekani, na Zsigmond akaja kubeba Oscar 1978. Sina neno nao, wanastahili. Ila kuna mwanamke tunamsahau mno, na kwangu mimi ndo namba moja.

Márta Mészáros hakushika kamera kwenye filamu zake kubwa, yeye alikuwa dairekta. Lakini angalia hili: filamu yake ya 1975 ilipigwa na Lajos Koltai, ya 1976 ikapigwa na János Kende, ya 1984 ikapigwa na Nyika Jancsó, wapiga picha watatu tofauti kabisa na bado jicho ni lile lile. Sura ya mwanamke inajaza skrini na kamera inamsubiri, haimkimbizi aseme kitu. Aliyekuwa anaamua kamera ikae umbali gani alikuwa ni yeye.

Na alikuwa na sababu zake. Alizaliwa Budapest 1931, baba yake László Mészáros alikuwa mchonga sanamu na mkomunisti, akahamisha familia mpaka Kirgizistani akiamini huko ndo kwenye dunia mpya. 1938 wakati wa Stalin akakamatwa na hakurudi tena. Mama naye akafariki, mtoto akabaki yatima ugenini, akarudishwa Hungaria vita vilipokwisha. Baadaye akaenda kusoma filamu Moscow pale VGIK, chuo cha sinema, akamaliza 1956, akatengeneza filamu fupi fupi za dokumentari kwa miaka, na filamu yake ndefu ya kwanza ikatoka 1968, inamhusu msichana aliyelelewa kituo cha yatima anayemtafuta mama yake. Sasa niambie hapo kama hajiongelei yeye.

Hiyo ya 1975, Örökbefogadás (yaani Kuasili Mtoto), ndo naipenda kuliko zote. Kata ni mjane wa miaka arobaini na kitu, anafanya kazi kiwandani, ana uhusiano na mume wa mtu anaitwa Jóska na anataka kuzaa naye, Jóska hataki. Kuna siku Jóska anampeleka kwake, anamtambulisha kwa mkewe kama mfanyakazi mwenzake tu, basi Kata yuko pale ndani ya nyumba ambayo yeye hana, anamwangalia yule mke, na hakuna kelele wala kuvunjiana vyombo, filamu nyingine ingetupa ugomvi hapo lakini Mészáros anakuachia macho ya Kati Berek, mwigizaji wa Kata, uyasome mwenyewe na yanakuambia kila kitu. Hiyo filamu ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwanamke wa kwanza kuipata kama dairekta, na tamasha lenyewe lilianza 1951!

Alikuwa pia mke wa Miklós Jancsó, dairekta ambaye naye ni mkubwa, alipata tuzo ya dairekta bora tamasha la Cannes 1972, na filamu zake ni mbuga wazi, farasi, kamera inazunguka dakika nzima nzima bila kukatwa. Kwa muda mrefu wengi walimwona Márta kama mke wa Jancsó na hapo ndipo walipokosea, kwa sababu vyumba vidogo na viwanda alivyovionyesha yeye vinahitaji ujasiri uleule. 1976 kwenye Kilenc hónap (Miezi Tisa) mwigizaji Lili Monori alikuwa mjamzito kweli na ile kujifungua ya mwisho ni kujifungua kwake kwa kweli, imerekodiwa hivyo hivyo, na ukiangalia unaona heshima, sio kutafuta kiki.

Halafu 1984 ndo akaisimulia habari ya utoto wake waziwazi, Shajara kwa Watoto Wangu. Juli, binti yatima aliyetoka Sovieti, analelewa na mama mmoja wa chama cha kikomunisti anaitwa Magda, anatoroka shule kwenda sinema kwa kutumia pasi ya huyo Magda. Jan Nowicki anaigiza baba aliyekamatwa na anaigiza pia János, rafiki ambaye Juli anampenda kama baba, na hilo mimi naona ndo uamuzi mzito kuliko wote aliowahi kufanya, maana mtoto aliyepotelewa na mzazi kweli huwa anaiona ile sura kwa watu wengine. Cannes wakaipa tuzo kuu ya majaji.

Wanaosema ni mambo ya wanawake tu, siwaelewi. Stalin, chama, magereza, ukuaji wa mtoto asiyeambiwa baba yake yuko wapi, hayo ni ya wanawake peke yao?

Kama hujamwona kabisa anza na Örökbefogadás, ni kama saa moja na nusu tu, halafu ndo uingie kwenye Shajara, ziko tatu, 1984, 1987 na 1990, na uziangalie kwa mpangilio maana ukirukia ya pili utapotea.