Kobe si Chipsi

Fundi alumini wangu hapa Moshi alinisikiliza mpaka mwisho nikimweleza tangi la kioo la kobe wa majini ninalolitaka, akachomeka penseli nyuma ya sikio, akasema, "Mangi, mbona hiyo ni kama ya chipsi tu! Tunaigeuza, uwazi unakaa juu." Alimaanisha lile kabati la kioo linalosimama mbele ya kila banda la chipsi nchi hii, viazi huku, kuku kule, balbu ya njano ikipasha moto. Ameshatengeneza mengi mpaka hahitaji kupima. Nikacheka, nikampa advansi.

Kobe mwenyewe sikumtafuta. Mwalimu mmoja mgeni, jirani yetu, alimaliza mkataba akagawa vitu: jiko, godoro, baiskeli, na beseni lenye kobe wa ukubwa wa kiganja. Wanangu wakamwita Bwana Afya, kwa jinsi anavyonyoosha shingo kukagua kila sahani inayopita. Ni aina ile yenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, asili yake bonde la mto Mississippi kule Marekani. Wageni wakija wanamwita kasa. Kasa ni wa baharini, miguu yake ni kama makasia. Huyu ana vidole, na ana kucha, na hizo kucha ndefu za mbele ndizo zilizotuambia kwamba ni dume.

Tangi la kwanza lilikuwa sentimita 90 kwa 40, kimo 40, kioo cha milimita 5. Ukiniuliza vipimo hivyo nilivitoa wapi, nitakujibu kwa aibu: nilipima meza ya TV. Kobe sikumpima. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na wenzangu wanaofuga hawa viumbe, maana naona picha wanazotumiana na wote tumefanya lile lile. Tunalijengea sebule tangi, kisha tunatafuta wa kumweka ndani.

Tulijaza maji sentimita 30. Piga hesabu: ni lita 108, na kila lita ni kilo moja. Gunia la mahindi na ziada, limepandishwa juu ya meza ya TV. Chipsi hazisukumi kioo. Maji yanasukuma muda wote, mchana na usiku, na kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyosukuma zaidi. Nilichukua rula ya mwanangu ya shule nikailaza nje kwenye kioo cha mbele. Katikati iligusa. Kwenye ncha zote mbili mwanga ulipita. Kioo kilikuwa kimefura kama tumbo la mtu aliyeshiba, nami nikajiambia ni kawaida.

Usiku wa nne mke wangu akanigusa bega. "Baba Neema, nani anamwaga maji sebuleni?"

Asubuhi fundi akaja na tyubu ya silikoni, akapaka juu ya ile ya zamani. Ikashika siku mbili. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba silikoni mpya haishikani vizuri na silikoni iliyokwisha kukauka; ukitaka kuziba kweli, unakwangua yote kwa wembe mpaka kioo kiwe kitupu, unaanza upya. Halafu nikaiokota ile tyubu nikaisoma. Ilikuwa ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo kwenye sinki haina neno. Kwenye maji ambayo mnyama anaogelea, anakunywa na kulia chakula, haifai kabisa. Inayotakiwa ni silikoni tupu, isiyo na dawa. Ya aina hii iliyozoeleka hunuka siki inapokauka.

Simlaumu fundi. Kazi yake ni madirisha na makabati, na mimi ndiye niliyekwenda na vipimo vya meza.

Safari ya pili tulikaa chini na karatasi. Wafugaji wana kanuni yao ya mkono: kwa kila inchi moja ya gamba, lita 40 hivi za maji. Bwana Afya sasa ana inchi 7, kwa hiyo lita 280. Jike wa aina yake anaweza kufika inchi 10 au zaidi, kwa hiyo ukimnunua akiwa kama sarafu, jua unanunua sinia. Tukatoka na sentimita 150 kwa 60, kimo 50, kioo cha milimita 10, maji yakiishia sentimita 35. Ni lita 315. Kioo peke yake kinakaribia kilo 75. Meza ya TV ikapumzika. Tukajenga kitako cha tofali barazani, tukakisawazisha kwa pima maji (jina halijawahi kufaa kazi kama siku ile), na juu yake tukatandika yale maboya meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la TV mpya, ili kipunje kimoja cha mchanga kisije kikawa msumari chini ya kilo karibu mia nne.

Kuunganisha ndiko kulikonifurahisha. Fundi alizoea kubana vioo mpaka silikoni yote itoke nje, ibaki utando tu. Safari hii tuliweka njiti za kiberiti katikati ya kioo na kioo, kila baada ya shibiri moja, ili silikoni ibaki na unene wa kuvutika kidogo maji yanaposukuma. Kingo tulizisugua msasa, tukazipangusa kwa spiriti, tukabandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi pande zote mbili za mstari. Ukipitisha kidole kilicholowa sabuni kisha ukavuta tepu kabla silikoni haijaanza kukauka, unapata mstari ulionyooka kama umechorwa. Njiti tulizichomoa kesho yake, matundu yake tukayajaza. Juu, kuzunguka ukingo, tukabandika vipande vyembamba vya kioo ili mbele na nyuma visifure. Kisha tukangoja siku saba. Siku ya tatu fundi alipiga simu kuuliza kama tumeshajaza. Nikamwambia bado inanuka siki.

Lakini kwa maoni yangu kioo, pamoja na shida zake zote, ndicho kitu kidogo kwenye hii kazi. Kioo ni kwa ajili yetu tunaotaka kuangalia. Kobe anachotaka ni pakavu na jua. Tangi la zamani lilikaa dirishani, nami nikaona inatosha, kila asubuhi mwanga unampiga mgongoni. Daktari wa mifugo tuliyempelekea alibonyeza ukingo wa gamba kwa kidole gumba, ukabonyea. "Umewahi kuona kuku wa mayai aliyekosa chokaa?" akaniuliza. Kumbe kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya jua iitwayo UVB, na bila hiyo miale mwili wa kobe hautengenezi vitamini D3, na bila vitamini hiyo chokaa anayokula haimfai kitu. Nchi za baridi wananunua taa maalumu. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, jua la bure mlangoni, halafu tunamfungia mnyama nyuma ya dirisha! Ndiyo maana tangi likahamia barazani, na jiwe bapa likapata nafasi kubwa kuliko nilivyotaka: theluthi nzima ya urefu, juu ya maji, limeinama upande mmoja apande mwenyewe.

Baraza nayo ina yake. Sanduku la kioo kwenye jua la Februari la Moshi ni sufuria, kwa hiyo nusu ya tangi iko kivulini saa zote. Mwezi wa saba mlima ukijifunika wiki nzima, maji yanapoa na Bwana Afya anakula kidogo, simlazimishi. Juu kuna wavu wa waya, kwa ajili ya paka. Mbu wanaupita, lakini pampu haiyapi maji nafasi ya kutulia wakataga.

Pampu hiyo inapeleka maji kwenye ndoo ya lita 20 yenye sponji na yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo Kilimanjaro ilitugawia bila kuombwa. Humo matunduni wanakaa bakteria wanaoibadilisha amonia ya uchafu wa kobe. Mawe nayasuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Klorini ya maji ya bomba inaweza kuwaua bakteria hao. Maji machafu yanakwenda kwenye migomba, na migomba haijalalamika.

Kuna wanaonishauri, tena kwa nia njema, nimwachie mto Rau niachane na gharama. Aina hii iko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na imeingia humo kwa huruma za watu kama hao. Wengine wananiambia nikaokote wa bure kwenye mifereji ya mpunga kule Mabogini. Wale ni kobe wetu, ni wanyamapori, na kuwakamata bila kibali sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu. Isitoshe wananuka vibaya sana ukiwashika.

Watoto nawasumbua kwa jambo moja: ukimgusa, sabuni. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha, maana watoto wadogo walikuwa wanawatia mdomoni.

Hawa wanaweza kuishi miaka 30. Neema ameshaandika kwenye daftari lake kwamba tangi ni urithi wake, kaka zake wasiguse. Fundi naye alipita juzi akiwa na mteja, akamwonyesha mstari wa silikoni pembeni, akaupitishia kucha taratibu. Mteja akauliza litamgharimu kiasi gani la hivyo hivyo, ila la sambusa.