Kulipwa kwa Kukaa na Mtoto wa Mtu

Mama yangu wa Wete, Pemba, aliponiuliza kwa simu nafanya kazi gani huku Uingereza, nilimwambia mimi ni mwalimu msaidizi, nakaa na mtoto mmoja darasani tangu asubuhi mpaka saa tisa na robo. "Mtoto mmoja? Ana nini?" Ana usonji, nikamwambia, ana miaka sita na hajasema neno. "Na wanakulipa kwa hilo, mwanangu?" Akacheka mpaka simu ikakatika.

Sikuudhika, maana najua anachokiona yeye. Chuoni tulikosomea Kurani maalim alikuwa mmoja, sisi tumejaa mkekani, na wadogo walifundishwa na khalifa, mtoto mwenzetu aliyetutangulia. Khalifa wangu alikuwa akinishika kidole akikipitisha juu ya herufi moja moja. Hakuna aliyemlipa. Skuli nako tulikuwa sabini darasani, na aliyeelewa hesabu alimnong'oneza wa ubavuni, kimya kimya, kwani akisikika ni bakora.

Huku kila msaada una karatasi yake. Mtoto wangu (nasema "wangu", wenzangu hunicheka) ana mpango maalumu wa elimu, afya na malezi, uliotokana na sheria ya 2014. Umeandikwa humo anahitaji nini na nani akae naye. Kisheria halmashauri inatakiwa kuumaliza ndani ya wiki 20; mama yake alisubiri zaidi ya mwaka. Lakini ukishatoka, umetoka. Nimemwona mama huyo, mpole hata salamu anaitoa kwa haya, akiuweka mezani mbele ya mwalimu mkuu na kumwambia asome ukurasa ule kwa sauti.

Hilo ndilo ninalolionea wivu, wala si zile rangi na vichezeo. Kwetu wema upo tele, ila mzazi hana pa kuudai. Mtaani petu kuna kijana ambaye walimu walimwambia mama yake amsubiri akue kidogo. Amekua. Anachunga mbuzi, na jina lake hajui kuliandika. Hakuna aliyemtendea ubaya, kila mtu akimpenda, akimpa peremende. Sheria ya watu wenye ulemavu Zanzibar tunayo tangu 2006, na wizara ina kitengo cha elimu mjumuisho, yaani ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Mwalimu wake naye simlaumu sana: watoto sabini, mkondo wa asubuhi haujatoka vizuri, wa mchana umeshafika mlangoni.

Msidhani huku ni peponi. Mwalimu msaidizi hulipwa kwa wiki za masomo, kama 39 hivi na wiki chache za likizo, kisha pesa hiyo hiyo inagawanywa miezi 12. Ndiyo maana jioni napanga maziwa kwenye rafu za supamaketi.

Na kuna jambo jingine lililonichukua muda kulikubali. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Elimu ya London walionyesha kuwa watoto waliosaidiwa zaidi na watu kama mimi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa aina yao waliosaidiwa kidogo. Nilipoambiwa hayo kwenye mafunzo nilikasirika. Kisha nikaumwa siku mbili. Niliporudi nikaambiwa msichana anayekaa karibu naye ndiye aliyemfunga kamba za viatu, na mtoto akakubali, yeye ambaye hakubali kuguswa na mtu. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa katikati yao kama ukuta! Siku hizi nasogea nyuma hatua mbili, kama maalim, namwachia khalifa.

Juzi mama kauliza, "Yule wako keshasema?" Bado, lakini akiwa na kiu ananyooshea kidole picha ya maji. Akanyamaza, kisha akaniambia nimtumie picha hizo, kuna mjukuu wa jirani. Nimekaa usiku nazichora upya. Basi la skuli nimelitoa, nimeweka gari ya ng'ombe.